Mbaazi, Dengu na Adesi Katika Chakula cha Kila Namna ya Watu



Mwezi wa Agosti mwaka 2017, mbaazi zikiwa zinakauka mashambani, Serikali ya India ilitoa amri kwamba mbaazi zitakazoingizwa nchini humo kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. India ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu. Kilo moja iliyokuwa imewahi kupita shilingi 2,000 miaka michache nyuma ilishuka hadi shilingi mia chache tu, bei isiyotosha hata kuwalipa vibarua wa kuvuna na kupura. Mlango ule ulifunguliwa tena mwaka 2021, na wanunuzi wakarudi. Lakini mwenye kukumbuka msimu ule anajua jinsi magunia yalivyokaa ndani bila kazi, kwa sababu kwetu mbaazi huhesabiwa kuwa fedha, si chakula.

Hapo ndipo yapo maneno ya kijitabu hiki. Hatukuambii uache kuuza mbaazi. Tunataka kukuonyesha kwamba zao hili, pamoja na ndugu zake dengu, adesi, maharage, kunde na ngwara, ni chakula kinachofaa watu wa kila namna: anayekula nyama na asiyekula, anayefunga na asiyefunga, mtoto wa miezi sita na mzee mwenye kisukari. Yafaa basi uzijue vizuri kabla hujazifunga zote katika magunia ya mchuuzi.

Kwanza majina, maana yanachanganya watu

Ukienda sokoni ukaulize dengu, huenda ukapewa vitu viwili vitatu tofauti. Wafanyabiashara wa Tanzania wanaposema dengu, mara nyingi wana maana ya ile punje nene yenye mdomo kama wa ndege, ambayo hupandwa mwishoni mwa mvua katika udongo mweusi wa mbugani na kukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Mkenya akisema ndengu ana maana ya choroko, zile punje ndogo za kijani. Adesi ni punje ndogo bapa, nyembamba pembeni na nene katikati, ambazo madukani huuzwa nyingi zikiwa zimemenywa na kupasuliwa, zenye rangi ya machungwa. Wako watu ambao huita adesi nazo dengu. Unapofanya mapatano ya mbegu au ya mauzo, usitegemee jina. Itazame punje kwa macho.

Kwa upande wa chakula, hata hivyo, tofauti zao si kubwa. Zote ni jamii ya mikunde, na yasemwayo hapa juu ya moja kwa sehemu kubwa yahusu zote. Sehemu za chini za wilaya zetu, kwa upande wa Hanang na mabonde ya Mbulu, mbaazi ndizo zinazositawi katikati ya mahindi. Huko juu penye baridi maharage na njegere hufanya vizuri zaidi. Kula kile ambacho shamba lako linatoa.

Kilo moja ya mbaazi ni lita ngapi za maziwa?

Watu wa Mbulu na Hanang ni watu wa ng'ombe, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Kwa hiyo tutapima kwa maziwa. Chakula cha kujenga mwili, ambacho wataalamu hukiita protini, kipo gramu 33 hivi katika lita moja ya maziwa ya ng'ombe. Katika kilo moja ya mbaazi kavu zipo gramu 210 hivi. Maana yake kilo moja ya mbaazi ina protini sawa na lita sita za maziwa. Ukilinganisha na nyama isiyo na mafuta, kilo kwa kilo, hazipishani sana. Adesi na maharage nazo zina kiasi kama hicho au kupita kidogo, dengu pungufu kidogo. Unga wa mahindi una gramu 80 au 90 tu katika kilo.

Nyumba yenye ng'ombe wengi wanaokamuliwa mwaka mzima haina shida kubwa ya protini. Lakini nyumba ngapi ziko hivyo leo? Wengi wana ng'ombe wawili watatu, na ifikapo Septemba na Oktoba majani yamekauka na maziwa yamekuwa ya kutia chai tu. Miezi hiyo hiyo ndiyo mbaazi zimetoka kuvunwa. Mungu amezipanga vizuri, sisi ndio tunaozipeleka mnadani zote.

Sasa lipo jambo moja la kufahamu, na jambo hili ndilo kubwa kuliko yote katika kijitabu hiki. Protini haijengwi kwa kitu kimoja. Ni kama ukuta wa nyumba unaohitaji miti, fito na udongo pamoja. Ukiwa na fito tele lakini miti haba, ukuta utasimama kwa kadiri ya miti uliyonayo. Protini ya mahindi ina upungufu wa kitu kimoja kinachoitwa laisini. Mbaazi, dengu na maharage vina laisini nyingi, lakini vina upungufu wa kitu kingine, methionini, ambacho mahindi na mtama vinacho cha kutosha. Mtu akila ugali kwa mbaazi, kila kimoja hujaza pengo la mwenzake. Wale waliopika makande kwa mara ya kwanza hawakusoma habari hii katika kitabu chochote, wala hawakukosea.

Si lazima viwe ndani ya sufuria moja, wala katika mlo uleule. Siku ile ile yatosha.

Watu wasiokula nyama

Pengine umejiuliza, Wahindi hufanya nini na mbaazi zote hizi? India ina mamilioni ya watu ambao kwa imani ya dini yao hawali nyama kabisa, na wengine hawali hata yai. Hao hupata nguvu ya kufanya kazi kutoka katika dali, yaani mikunde iliyomenywa ganda na kupasuliwa, ikapikwa ikawa mchuzi mzito wa njano wenye manjano, bizari na vitunguu, wakala kwa wali au chapati. Mbaazi zetu zikifika huko hupelekwa kwenye vinu, zikavuliwa ganda na kuwa dali. Wengi katika watu hao hunywa maziwa na mtindi pamoja na dali, na hapa wametupa somo la pili: vyakula vya mimea pekee havina vitamini iitwayo B12, ambayo mwili unaihitaji kwa damu na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo asiyekula nyama asiache maziwa au mayai. Asiyetumia hata hivyo, na apate ushauri wa zahanati juu ya vidonge.

Wapo hata huku kwetu Wakristo wasiokula nyama, kama baadhi ya Waadventista Wasabato. Hao mikunde wameizoea.

Watu wafungao

Katika nchi ya Ethiopia, Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi hufunga siku nyingi sana, kwa baadhi yao zaidi ya siku 180 katika mwaka. Siku hizo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Chakula chao ni mkate mpana wa chachu uitwao injera, pamoja na mchuzi wa adesi wenye pilipili, au uji mzito wa unga wa dengu uitwao shiro. Wanalima milimani kama ninyi, na wanapanda adesi na dengu kwa ajili ya sufuria kwanza, soko baadaye.

Kwetu Hanang na Mbulu, Wakatoliki wengi huacha nyama siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima. Mara nyingi siku hiyo huliwa ugali kwa mboga za majani peke yake, na mtu anakwenda shambani tumbo likiwa limejaa lakini mwili haujapata kitu. Mbaazi zingefaa kabisa.

Waislamu nao wanajua jambo hili vizuri. Pwani, kuanzia Tanga hadi Unguja na Mombasa, mbaazi zilizopikwa kwa nazi na kuliwa kwa mahamri ni chakula cha asubuhi kinachopendwa sana, na bhajia za dengu au za kunde hazikosekani wakati wa kufuturu katika mwezi wa Ramadhani. Kwa daku mikunde ina faida yake maalumu: huyeyuka tumboni polepole, hivyo njaa hukawia kurudi. Mtu wa Katesh ambaye hana nazi anaweza kutumia maziwa ya mgando mwishoni mwa kupika, au karanga zilizotwangwa. Haitakuwa mbaazi ya Tanga, lakini italiwa ikaisha.

Wenye kisukari na wenye shinikizo la damu

Ile sifa ya kuyeyuka polepole ndiyo inayowafaa wenye ugonjwa wa kisukari. Ugali mwingi mweupe huingiza sukari katika damu kwa haraka. Mgonjwa akipunguza tonge na kuongeza mbaazi, dengu au adesi katika sahani, sukari hupanda taratibu. Asiache dawa kwa sababu hiyo, maana chakula ni msaada wa dawa, si badala yake. Mwenye ugonjwa wa figo asijiamulie mwenyewe. Amwulize daktari kwanza, kwani kwake yeye kiasi cha protini hupimwa.

Watoto

Hapa tutakaa kidogo.

Kati ya mwaka 2009 na 2014, vijiji vya Haydom katika wilaya ya Mbulu vilikuwa moja kati ya sehemu nane duniani ambako watafiti waliwafuata watoto tangu kuzaliwa mpaka walipotimiza miaka miwili, wakiwapima na kuandika walichokula. Zaidi ya nusu ya watoto wa Haydom walikutwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko wapasavyo kuwa kwa umri wao. Maradhi ya tumbo yana sehemu yake katika habari hii, na maji machafu pia. Lakini chakula cha watoto wale baada ya maziwa ya mama kilikuwa zaidi uji wa mahindi, na mtoto hawezi kujenga mifupa na nyama kwa mahindi matupu, hata akishiba. Mtoto aliyedumaa mpaka miaka miwili hupata shida kuufidia urefu ule baadaye, na masomo yake nayo huumia.

Mama, mtoto akitimiza miezi sita, endelea kumnyonyesha na umwanzishie chakula laini. Chukua mbaazi au maharage yaliyoiva sana, ponda, chuja ganda kwa kichujio au kitambaa safi, kisha changanya na uji mzito au ugali laini. Kipimo cha kukumbuka: vijiko viwili au vitatu vya nafaka kwa kijiko kimoja cha mikunde. Tia mafuta kidogo. Dali na adesi zilizomenywa ni bora zaidi kwa mtoto mdogo, kwa kuwa hazina ganda. Uji uwe mzito usiomwagika kijikoni. Uji wa majimaji hujaza tumbo dogo bila kumpa kitu.

Wengine hutengeneza unga wa lishe kwa kuchanganya nafaka saba au nane, wakidhani wingi wa aina ndiyo lishe. Si lazima. Mahindi au ulezi pamoja na aina moja ya mikunde, ikiwa safi, yatosha. Kila kitu unachoongeza ni nafasi moja zaidi ya kuingiza punje zenye ukungu, hasa karanga na mahindi yaliyovunwa mabichi. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika chakula. Chambua punje moja moja. Punje iliyobadilika rangi au kusinyaa usiisage, wala usimpe kuku.

Kwa nini watu hawapendi kupika mbaazi, na dawa yake

Sababu tunazozisikia ni tatu: zinachukua kuni nyingi, zina uchungu kidogo, na zinajaza tumbo gesi. Malalamiko hayo ni ya kweli, na yote matatu yana dawa moja, nayo ni maji.

Chambua mbaazi, zioshe, kisha ziloweke usiku kucha katika maji mara tatu ya wingi wake. Asubuhi yamwage maji yale. Ziweke katika maji mapya, zichemke kwa nguvu kama robo saa, yamwage hayo pia, ndipo utie maji ya kuivisha. Uchungu na sehemu kubwa ya kinacholeta gesi vimekwenda na maji. Zikishalowekwa hivi huiva mapema zaidi, na kuni unazookoa utaziona mwenyewe. Maharage nayo yafanyiwe vivyo hivyo, na yasiliwe kamwe yakiwa nusu mabichi, kwa kuwa maharage mabichi yana sumu inayotapisha, na sumu hiyo hufa kwa kuchemka sawasawa. Chumvi itiwe mwishoni.

Wengi hutia magadi ili yalainike. Ni kweli hulainisha, lakini huharibu vitamini B1 iliyomo. Ukiloweka hutayahitaji. Kama mikunde yako ni ya zamani na imekuwa migumu kama kokoto, tia kidogo sana, si kwa konzi.

Namna ya kutengeneza dali nyumbani ni hii. Loweka mbaazi usiku mmoja, zichuje, zianike juani siku mbili au tatu mpaka zikauke kabisa na ganda likunjamane. Zipitishe juu ya jiwe la kusagia kwa mkono mwepesi, au zitwange taratibu kinuni, mpaka zipasuke mbili mbili. Pepeta. Maganda wape mbuzi. Dali hiyo huiva kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo, na ikihifadhiwa katika chombo kikavu mama hatakuwa na udhuru siku akichelewa kutoka shambani. Kaanga vitunguu, nyanya na vitunguu saumu, ambavyo Mbulu haivikosi, mimina juu ya dali, ionje.

Neno moja juu ya chai. Mikunde ina madini ya chuma, yanayozuia upungufu wa damu, hasa kwa kina mama wajawazito. Lakini chuma cha mimea ni kigumu kwa mwili kukichukua, na chai ikinywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Ndimu, nyanya au chungwa hukisaidia. Kamua ndimu juu ya mbaazi zako, na chai uinywe saa moja au mbili baada ya kula.

Msimu wa mbaazi mbichi, kabla maganda hayajakauka, hayo yote ya kuloweka hayahitajiwi. Zimenye, zichemshe, zile. Ndizo tamu kuliko zote.

Uweke kiasi gani?

Fanya hesabu kabla mnunuzi hajafika na mizani yake. Nyumba ya watu sita, wakubwa na wadogo, ikipika nusu kilo ya mikunde kavu kila siku, itamaliza kilo 180 kwa mwaka, yaani madebe tisa au kumi. Hizo zitengwe kwanza, na zinazobaki ndizo za kuuza. Si lazima ziwe mbaazi zote. Gunia moja la mbaazi na jingine la maharage huwafanya watoto wasichoke na chakula.

Adui ni fukusi. Mdudu huyu huanza kutaga mayai mbaazi zikiwa bado shambani, kwa hiyo usizichelewe zikishakauka. Zipure, zianike juu ya turubai mpaka punje ikiumwa kwa meno ipasuke kwa mlio, wala isibonyee. Kisha tumia ile mifuko ya tabaka tatu iitwayo kinga njaa: miwili ya ndani ni ya plastiki, wa nje ni kiroba. Jaza, kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake kwa kamba. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote ya sumu ndani ya chakula chako. Usiuweke mfuko chini sakafuni wala ukutani, na panya wasiufikie; tundu moja dogo huharibu kazi yote. Usiufungue kila siku; toa debe moja la kutumia, ufunge tena.

Mbegu ya mwaka ujao usiichukue ndani ya gunia. Pita shambani kabla ya kuvuna, ukifunge kitambaa kila mmea mzuri uliobeba sana na ambao wenzake waliouzunguka hawakunyauka. Ugonjwa wa mnyauko hukaa ardhini miaka mingi, na mbaazi za kienyeji nyingi haziuwezi. Aina iitwayo Mali, ambayo ina punje kubwa nyeupe, huvumilia zaidi, na wanunuzi wanaipenda kwa dali. Mizizi ya mbaazi ina vinundu vinavyokamata rutuba ya naitrojeni kutoka hewani, na majani yanayopukutika huirudishia ardhi nguvu, kwa hiyo shamba lililokuwa na mbaazi hulisha mahindi ya mwaka unaofuata. Ukivuna, kata shina na uache mizizi ardhini. Mashina yakikauka ni kuni nzuri, na yatatosha kuivishia sehemu ya mbaazi zenyewe.

Mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako habari za mbegu mapema, mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza na kila mtu hajazitaka kwa siku moja.